Kitasa cha Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Leo mwalimu mkuu ameniambia nidanganye watoto. Mbele yao!

Mimi nafundisha sayansi Gredi ya Nane, hapa Kakamega. Wiki jana darasa langu lilipangusa vitu vya shule kwa pamba: madawati, mlango wa choo, kitasa cha ofisi ya mkuu. Tukapaka kwenye visahani vya supu iliyoganda, tukafunika na nailoni, tukangoja bakteria wamee.

Leo tumeangalia.

Kisahani cha choo kiko karibu kitupu. Si watoto wenyewe huosha choo kila asubuhi?

Kitasa cha ofisi? Madoa ya manjano mpaka pembeni.

Darasa likaangua kicheko. Mkuu akasikia, akaja, akasoma majina kwenye karatasi tulizobandika visahani.

"Badilisha hizi karatasi. Hii andika choo. Wazazi wanakuja Ijumaa."

Nikamwambia, "Mwalimu, tununue tu sabuni. Nimeomba tangu muhula uanze."

"Sabuni iko. Ni ya wageni."

Ya wageni! Na watoto wanakulanga obusuma, ugali wetu, na mikono hivyo hivyo, tumbo likiwauma tunasema ni mapera mabichi.

Sikubadilisha kitu.

Akatabasamu, akaninyooshea mkono eti tuyamalize.

Watoto arobaini, wote macho kwa ule mkono.

Semeni ukweli, nyinyi mngeushika?

Mimi nilimwambia, "Nawa kwanza."

Sasa ameniita ofisini saa tisa. Naenda. Mlango nitaufungua na kiwiko.