Nilizima Ploti, Nikasingizia Nchi Nzima

Hii aibu nimeikalia karibu mwaka mzima, na ningeendelea kuikalia kama si juzi nimesikia watu huko Gatina wakiisimulia vibaya, ati ploti yetu ilishika moto, ati mimi nikahama. Hakuna moto ulioshika na sijahama. Wacha niwaambie mwenyewe, mkicheka angalau mcheke ukweli.

Mnajua mimi ni fundi wa viatu, na fundi wa viatu hakosi magazeti ya zamani (ya kujazia viatu vya wateja visikunjamane), na mimi silikunji gazeti kabla sijalisoma. Hivyo ndivyo nilijua mambo ya stima. Nikajua nyingi yetu inatoka kwa mvuke wa chini ya ardhi huko upande wa Naivasha, nyingine maji ya mto Tana, nyingine upepo wa Marsabit, jua kidogo, na nyingine inavutwa kutoka Ethiopia. Ile siku nchi nzima ilikosa stima, mimi ndiye niliwaeleza majirani kumeenda aje, na ikarudi vile nilikuwa nimesema, wakaanza kuniita Engineer. Wakaniongezea na uenyekiti wa wapangaji.

Kazi yangu ya kwanza kama mwenyekiti ilikuwa kuandika tangazo. Ploti yetu ina mita moja na stima iko ndani ya kodi, kwa hivyo mtu mmoja akiwasha koili ya kupikia, swichi kubwa inaruka na vyumba vyote kumi na vinane vinazima. KOILI NI MARUFUKU, nikaandika kwa mkono wangu, nikabandika kwa mlango wangu mwenyewe ndio lionekane vizuri. Koili yangu ya tangu nikiishi Kibera ilikuwa chini ya kitanda. Sikuwa naitumia, lakini nani hutupa kitu kinachofanya kazi?

Sasa Jumapili hiyo mke wangu ameenda kanisa, ameniachia nyama nichemshe, na mimi niko na mgeni, shemeji yangu Hamisi, aliyemuoa dada yangu mdogo huko Mtwara. Hamisi ni fundi wa mitambo kwa kituo cha kufua umeme kwa gesi. Mtu mpole sana, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Akanieleza, "Sisi gesi tunayo chini ya ardhi, shemeji, ndiyo inazungusha mitambo, na siku hizi maji ya bwawa nayo yamesaidia sana." Ningemwambia tu asante kwa habari. Lakini Engineer atanyamaza aje? Nikamwambia gesi ni kitu ya kuisha, si kama mvuke wetu, mvuke ardhi inaupika yenyewe, nyinyi mtachimba mpaka siku moja mkute shimo tupu. Akatabasamu, akasema, "Inawezekana."

Nikaingia pale nyuma ya pazia kuwasha jiko. Moto ukaja wa buluu, ukawa wa manjano, ukazima. Mtungi wa gesi umeisha.

Hebu fikirieni. Nimetoka tu kumwambia mtu wa gesi kwamba gesi huisha, halafu nibebe mtungi mtupu nimpite nao hapo sebuleni? Ningekufa. Nikainama chini ya kitanda, nikatoa koili, nikaweka sufuria juu, nikajiambia ni dakika ishirini tu. Hazikufika kumi. Tap! Redio za ploti nzima zikanyamaza pamoja, nami nikatoka mbio nje na mwiko mkononi, nikirudisha mlango nyuma yangu.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mama Brenda, jirani yangu wa ukuta. Huyu mama alikuwa amempoteza mamake huko Vihiga wiki chache nyuma, na mnajua matanga, kuku wote wa marehemu walichinjwa kulisha watu. Alichookota ni mayai ishirini na mawili kwa viota, akayapakata kwa mapaja mpaka Nairobi, akaazima mashine ya kuangua, ndio uzao wa kuku wa mamake usiishe. Hiyo ilikuwa siku ya kumi na tisa.

"Engineer, ni sisi peke yetu ama ni kila mahali?"

Muli, caretaker wetu, alikuwa anakuja na ufunguo wa boksi la swichi. Nikajua akiipandisha tu, ataanza msako mlango kwa mlango. Mdomo wangu ukajisemea, "Ni kila mahali. Ni gridi ya taifa. Muli, usijisumbue na swichi." Na vile Muli ananiamini, akaketi.

Mtu akauliza mbona kinyozi wa ng'ambo ya barabara ana muziki. Nikasema hiyo ni betri ya sola. Nikaanza kuwaeleza vile laini moja ikilemewa inaangusha nyingine, vile mvuke na maji na upepo lazima vipatane, wakatingisha vichwa. Mama Brenda akauliza kama ayakimbize mayai kwa dada yake huko mtaa wa Satellite. Nikamwambia, "Nchi nzima, Mama Brenda, utayapeleka wapi?" Hilo neno ndilo mpaka leo linanikosesha raha.

Karibu saa nne nzima zikapita hivyo. Hamisi akatoka, akamkuta Mama Brenda kwa stuli, mayai amezungushia leso mapajani, anayapumulia. Akanivuta kando, kumbe alikuwa amenisikia nikivuta koili kule nyuma ya pazia. "Shemeji, ukiwaambia wewe itakuwa afadhali." Nikamwambia angoje kidogo. Hakungoja, akaenda kwa Muli akaomba ufunguo kwa adabu zake zote, akapandisha swichi.

Stima ikarudi. Watu wakapiga makofi, Mama Brenda akakimbia ndani na mayai yake, na mimi (Mungu anisamehe) nikasema, "Si niliwaambia? Wamewasha mitambo ya Naivasha."

Nilikuwa nimesahau kuchomoa. Harufu ya nyama iliyokauka ikaja kwanza, halafu moshi ukaanza kutoka chini ya mlango wangu, kisha tap, giza tena kwa vyumba vyote. Muli akatembea polepole mpaka mlangoni kwangu, akasoma lile tangazo kwa sauti, neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningepata mahali pa kushika.

Mama Brenda akasema tu, "Asubuhi niliweka sikio, nikayasikia yakilia ndani."

Jioni nilibeba ule mtungi mbele ya kila mtu. Hamisi akanipokea, akauweka begani kwake. "Gesi hii ya mitungi hata sisi huletewa na meli," akasema. Kumbe nilikuwa naficha aibu ambayo haikuwepo.

Mayai sita yalianguliwa. Yale mengine kumi na sita alipita nayo mlangoni kwangu kwa karai bila kunitazama. Uenyekiti walininyang'anya, na haki yao. Kinachoniuma ni kwamba yote niliyosema siku hiyo juu ya mvuke na maji na upepo yalikuwa kweli. Mama Brenda hakuwa ameuliza stima inatoka wapi. Aliuliza imeenda wapi, na aliyejua alikuwa mmoja tu, amesimama mbele yake na mwiko.

Wiki iliyopita stima ilipotea tena. Akatoka, jogoo wake wa shingo tupu, mmoja wa wale sita, akimfuata, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu hiyo siku. "Engineer, hii ni ya nchi ama ni yako?"

Nikaingia ndani kwanza, nikaangalia soketi yangu, nikatoka. "Si yangu," nikamwambia. "Zaidi ya hapo sijui. Muite Muli alete ufunguo."