Mguu Wangu na Mikono ya Baba Mkwe

Nyie mnaoniona nachechemea, mjue nilikuwa mtu wa mbio. Hapa Usevya nilipandikiza mpunga tangu asubuhi, jioni nikatwanga, na ngoma ikilia nikacheza. Sisi ni Wasukuma, tulihamia huku Mpimbwe na ng'ombe wetu, na mume wangu mara nyingi yuko machungani, mbali. Mama mkwe alishafariki. Mchana watoto wakiwa shule, nyumbani tunabaki mimi na baba mkwe, mzee mwenye nguvu zake, anayelima kwa plau bila kusaidiwa.

Dishi lilifungwa juu ya bati baada ya mavuno. Siku moja upepo ukaligeuza, picha ikapotea. Fundi wa Kibaoni alisema atakuja kesho, na kesho yake ikawa kesho nyingine. Nikachoka. Nilikuwa nimemwona anavyofanya, nikajiona fundi. Nikafungua sauti ya tivii hadi mwisho ili nikiwa juu nisikie ikirudi, nikaegemeza ngazi, nikapanda na spana.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani. Na mkamwana kukaa juu ya paa wakati mkwe yuko chini ni kumvunjia heshima. Mzee aliponiona napanda, alichukua kigoda chake akahamia nyuma ya nyumba, akanipa mgongo. Kwa hiyo hakuna aliyeshika ngazi.

Nilisogeza dishi kidogo, sauti ikarudi. Nikakaza nati kwa furaha, nikashuka haraka haraka. Ngazi ikateleza. Nilisikia mguu ukilia kama kuni kavu. Nilipoangalia, mfupa ulikuwa umetokeza juu ya kifundo, mweupe, na damu inachuruzika mchangani. Ndani tivii inapiga kelele, nje mimi napiga kelele, na tivii inanishinda.

Mzee alikuja mwishowe. Alisimama mbali akageuza uso, maana sketi yangu ilikuwa imepanda. Akavua shuka lake, akanirushia.

"Baba, nishikeni! Nitoeni juani!"

"Mama Kulwa, siwezi. Wewe ni mkamwana wangu. Ngoja nikaite wanawake."

Simu yangu ilikuwa chumbani, na chumbani kwangu pia haingii. Wanawake wote walikuwa mashambani wakitengeneza majaruba ya mpunga kabla ya mvua, akawafuata kwa miguu. Walipofika jua lilikuwa limeshuka, nzi wamejaa kwenye kidonda, na nimejikojolea.

Kwenye kituo cha afya Kibaoni walinifunga tu, wakanipeleka hospitali ya Mpanda. Daktari akafungua kitambaa, akauliza, "Mbona mmechelewa hivi? Udongo umeingia hadi kwenye mfupa."

Usaha ulianza. Mguu ulinuka hadi wagonjwa wenzangu wakageukia ukutani. Walinikwangua mfupa, wakarudia tena. Daktari akaniambia, "Mama, huu uozo ukipanda zaidi tutakata chini ya goti." Nililia bila aibu. Mkulima wa mpunga mwenye mguu mmoja atakula nini?

Mume wangu alikuja, akakaa kitandani kwangu. "Usimlaumu mzee," akasema. "Ndiyo mila yetu."

"Kwani mila imevunjika mguu? Aliyevunjika ni mimi."

Dawa hatimaye zilishika. Mguu ulibaki, namshukuru Mungu na yule daktari. Lakini ni mfupi kuliko mwenzake, na jarubani siingii tena, maana nikizama kwenye tope siwezi kujinasua.

Kwa hiyo nawaambia: dishi mwachieni fundi, hata kama ni muongo wa kesho. Ukilazimika kupanda, mtu ashike ngazi. Na nyie wazee wetu, heshima ni nzuri, hata mimi nimelelewa nayo. Lakini anayevuja damu mshikeni kwanza, mila tutazungumza akishapona. Kubalianeni leo, kila mtu akiwa bado mzima.

Mvua zilipoanza, nikiwa bado natembelea magongo, niliteleza uani. Baba mkwe alikuwa karibu. Kabla sijafika chini alinidaka, akaninyanyua, akaniketisha kwenye kigoda chake, kisha akaondoka huku akiangalia viganja vyake. Majirani wananiambia nishukuru kwamba mzee amebadilika. Nashukuru, na nilimwambia, "Asante, baba." Ila alinibeba kirahisi kama kapu tupu, na uchungu wote ukanirudia upya. Siku ile angeweza.