Kibodi ya Kifaransa

Kompyuta aliyoninunulia dada yangu ilikuwa ya mtumba, na kibodi yake ilikuwa ya Kifaransa: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W. Sikulalamika. Shule niliishia kidato cha pili, kule Tanzania tulikokulia, na kuandika programu nilijifunza kwa kutazama video. Nani angenipa kibodi ya kuchagua?

Dada ni fundi cherehani pale soko la Kimironko, huku nchi jirani tulikohamia, na mimi naishi kwake Ndera. Aliniambia mapema: nikipata kazi ya kompyuta, vizuri; nikikosa, naingia sokoni kushona naye. Hakusema kwa ubaya. Cherehani ya pili ilikuwa imekaa bure.

Nikaanza na edita, ile programu ambayo unaandikia msimbo ndani yake. Unaweza kuipanga utakavyo: rangi, ukubwa wa herufi, na njia za mkato, yaani kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja badala ya kuhangaika na kipanya. Zile zilizokuja nayo, baadhi zilikataa kwenye kibodi yangu, basi nikatunga zangu. Ya kunakili mstari. Ya kuhamisha mstari juu. Nilizirudia mpaka vidole vikawa vinakwenda vyenyewe. Nadhani nilikuwa na kasi. Sijui, sikuwa na mtu wa kujipima naye.

Dada akirudi, anavua viatu, anauliza, "Leo umeandika nini?"

"Nimepanga njia ya mkato ya kufuta mstari."

"Sijauliza umefuta nini, mdogo wangu. Nimeuliza umeandika nini."

Alikuwa na haki ya kuuliza.

Ofisi moja ya Kicukiro ikaniita kwenye mtihani wa kazi. Wote tulitumia kompyuta za ofisi ili asiwepo mwenye kumzidi mwingine kwa mashine. Mimi naona ilikuwa sheria nzuri. Ila kibodi zao zilikuwa za Kiingereza, na edita ilikuwa tupu, kama ilivyotoka kiwandani.

Niliandika taratibu, nikitazama kila herufi. Mwanzo haukuwa mbaya. Halafu nikakosea mahali, na mkono ukaenda wenyewe kwenye Ctrl na Z, kutengua kosa. Lakini palipo Z yangu, kwao pana W, na Ctrl na W inafunga faili. Ikafungwa. Kabla ya hapo mashine iliuliza kama nahifadhi nilichoandika. Kwa haraka nikabonyeza hapana.

Niliandika tena kutoka juu. Nikakosea tena, mkono ukaenda palepale. Safari hii nilihifadhi, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Mwanamke aliyesimamia mtihani akaja kuinama kwenye meza yangu. Nikamweleza.

"Kaka, si ungesema? Kibodi naibadilisha kuwa ya Kifaransa hapahapa kwenye mipangilio. Ni kitu kidogo."

"Sikufikiria."

"Ihangane," akasema kwa lugha ya huku, na naamini pole yake ilikuwa ya kweli.

Miezi yote ile nilikuwa nabadilisha mipangilio, na siku moja ilipohitaji kubadilishwa, sikuuliza. Labda hata ningeuliza ningeshindwa. Msichana aliyechukuliwa alimaliza maswali yote, tena akitumia kipanya, pole pole, kama mtu anayechambua mchele. Sina cha kumlaumu.

Nyumbani dada alinitazama tu usoni. "Haya. Jumatatu tunakwenda wote."

Sasa niko Kimironko. Siku ya kwanza niliona kiti kiko chini na uzi umekazwa mno, nikanyoosha mkono nirekebishe. Dada akapiga kelele mpaka mama wa vitenge jirani akageuka.

"Weee! Usiguse hiyo skrubu! Shona kwanza!"

"Bwana kompyuta anataka kuitengeneza upya," mama wa vitenge akacheka.

Nikashona. Nashona vibaya, dada anasema nitazoea, na yeye huwa hasemi uongo. Kompyuta iko kabatini. Niliifungua mara moja nikajaribu njia zangu za mkato: zote zilifanya kazi, upesi kabisa, kwenye ukurasa usio na kitu. Nikaifunga.

Mshono ukienda kombo, kidole changu cha mkono wa kushoto bado kinaruka kutafuta Z kwenye mbao ya meza. Halafu nachukua wembe, nafumua.