Mume Wangu Hakuwa Mwizi

Ndugu zangu mliokusanyika hapa, mimi ni Adiru, mke wa Ezati, fundi cherehani wa Koboko. Aliyeugua ni yeye, lakini ugonjwa huu tunauishi wawili.

Ezati alikuwa mpole. Mteja akikosa adabu, yeye ndiye aliyeomba radhi. Kisha akaanza kubadilika. Alimpima mama mmoja gauni, akamwambia mbele ya watu kuwa amenenepa kama gunia. Kule Adumi, kwenye mazishi ya kaka yake, alicheka jeneza likishushwa. Binti yetu alipomwagikiwa na uji wa moto, baba yake alimtazama akilia, akauliza sukari iko wapi.

Nilidhani amepata mwanamke mwingine. Shemeji yangu akasema, "Mutu huyu iko na pepo." Tukamfungisha asile, tukamwombea. Njaa ikamfanya mkali zaidi. Akawa anajikojolea alipokaa, wala haoni aibu.

Siku moja nikiwa naye sokoni, alichukua chapati kwenye meza ya muuzaji, akaenda zake akitafuna. Mtu akaita, "Mwizi!" Watu wakatuzunguka. Ezati akacheka, na kicheko kile kikawazidishia hasira. Jiwe likampata sikioni, damu ikatoka. Nikamkumbatia, nikawageuzia mgongo. Jiwe lingine likanipata begani.

"Ni mgonjwa," nikasema.

Mwenye chapati akaja kusimama mbele yetu. "Huyu mzee alishona nguo yangu ya harusi," akawaambia. "Hapana piga yeye."

Wakarudi nyuma, mmoja mmoja.

Tukampeleka hospitali Arua. Daktari alimhoji, akamtuma kupigwa picha ya kichwa, kisha akaniita.

"Mama, ubongo wake unanyauka sehemu ya mbele. Hapo ndipo mtu anapopata aibu na huruma."

"Atapona?"

"Hapana. Lakini mkimsaidia, anaweza kuishi salama."

Nililia sana. Ila nililala usingizi siku hiyo, kwa sababu nilijua hakuacha kutupenda kwa makusudi.

Sasa mikasi tunaifungia. Sokoni hatembei peke yake, na wauzaji wanamjua. Ninapochoka, dada yake anashika zamu. Namshukuru Mungu kwa hao wote, na kwa mwenye chapati zaidi.

Mkiona mtu mzima amebadilika tabia, msimpige, msimnyime chakula. Mpelekeni hospitali mapema.

Ezati yuko pale nyuma na dada yake. Nimesikia amecheka nilipotaja mazishi. Msiogope. Tukimaliza, njooni mumsalimie.