Sirena ya Saa Nane

Shule nilisoma miaka miwili tu, kwa mapadri, na nusu ya mwaka wa pili niliimaliza nikichunga mbuzi wao. Kwa hiyo nikisema kwamba kuna wakati mi peke yangu ndiye nilishika kompyuta kubwa ya kampuni ya mgodi pale Kolwezi, batoto yangu banacheka. Wacheke. Ni kweli.

Tuliiita masini. Wenye kusoma walisema serveri, kwa sababu skrini zote za maofisi zilikula kwake, kama watoto wa sufuria moja. Ilikaa katika chumba cha baridi, na kazi yangu ilikuwa kupangusa vumbi. Vumbi ya Kolwezi munaijua, inaingia hata ndani ya yai. Humo ndani nilivaa triko ya sufu ya bibi yangu, mke wangu, ya rangi ya waridi, na wanaume wa biro, wale wa maofisi, walinisema sana juu yake. Bibi mwenyewe alikuwa amekwisha kwenda Kisenge kwa mama yake, tangu mishahara ilipoanza kuruka miezi. Alisema atarudi. Lakini si habari zake ninazotaka kusema.

Nasema habari za rafiki yangu, fundi wa masini. Baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapa hapa, upande wa Mutoshi, na Kasai hakuwa amekanyaga hata siku moja. Halafu ikaja ile miaka ambayo batu ya Kasai walianza kuambiwa warudi kwao. Wakatolewa manyumba, wakaenda kulala kwenye stesheni na magodoro, na kuku, na vyerehani, wakingoja treni wiki kwa wiki. Na yeye pia. Mi ni mtu wa Musumba, wa jimbo hili hili, hakuna aliyenigusa. Nilimsaidia kubeba kitanda. Neno sikusema mbele ya mtu yeyote, na hilo naliandika maana ndivyo ilivyokuwa.

Kabla hajaondoka kazini alinionyesha ugonjwa wa masini. Kabetri kake ka ndani, kale kanakoshika saa wakati umeme umekatika, kalikuwa kamekufa, na kengine hakakupatikana tena. Kwa hiyo umeme ukienda na kurudi, masini ilisahau. Ilidhani ni siku ile ile ilipotoka kiwandani, miaka mingi nyuma. Lazima mtu aiambie upya: mwaka, mwezi, siku, saa. Alinichorea vidude vya kubonyeza, kimoja kimoja, juu ya kipande cha boksi, kama mtu anayemchorea mgeni njia ya kisima.

Lakini ile saa yenyewe itatoka wapi, hakuchora. Pengine aliona ni jambo la wazi. Mi saa ya mkono sina. Umeme ukirudi nilipima kwa jua la dirishani, nikaandika, halafu nikasahihisha kwa sirena ya mgodi, king'ora kile, kwa sababu Kolwezi nzima iliishi kwa sirena: kuamka, kuingia kazi, kwenda kula, kurudi saa nane. Na kila asubuhi simu ililia. Ni mzee anayepiga sirena, anauliza masini inasema saa ngapi. Nilimwambia. Naungama nilifurahia ile simu, maana siku zingine ndiyo sauti pekee iliyoniita tata, yaani baba. Wale wengine walipita mlangoni wakionyesha kiti cha rafiki yangu.

"Na we, unamuchungia kiti?"

Nilicheka nao. Lakini sikukikalia.

Siku moja rafiki akatuma neno kutoka stesheni. Alihitaji cheti cha kazi. Masini ndiyo iliyokitengeneza: ilichukua siku aliyoingia kazini, ikachukua siku ya leo, ikahesabu miaka. Nikakitoa, shefu, mkubwa wetu wa kazi, akapiga muhuri bila kusoma, nikaenda nacho haraka.

Alikisoma akiwa amekaa juu ya sanduku. Mke wake alikuwa anasonga bukari kwa sufuria ya kuazima. Akasoma mara ya pili, halafu akaanza kucheka mpaka mke wake akageuka.

"Mama, angalia. Tata huyu amenirudishia ujana."

Cheti kilisema amefanya kazi miaka mitatu. Yeye alikuwa amepita ishirini. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika, na mi nilikuwa nimeiambia masini siku na mwezi na saa, mwaka nikausahau.

Mke wake hakucheka. Alisema heri tusafiri bila karatasi kuliko na karatasi ya uongo. Hapo rafiki yangu naye akaacha kucheka, akanirudishia cheti.

"Kule hakuna mutu ananijua," alisema. "Hii njo itasema mi ni nani. Treni ni kesho, saa munane. Ulete kabla ya pale."

"Nitaleta."

Kesho yake umeme ulikuja mchana mchana. Niliandika mwaka kwanza, nikausoma kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Cheti kikatoka na miaka yake yote. Shefu alikuwa amekwenda kula, nikamngoja. Sikuogopa, kwa maana sirena ya saa nane ilikuwa bado kulia. Akaja, akapiga muhuri, nikashika njia. Sikukimbia hata. Nilikishika cheti mbali na jasho langu, wino wa muhuri ulikuwa bado mubichi.

Nilipofika stesheni, kimya kilikuwa pale ambapo jana hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu. Majivu ya mafiga. Kitana. Manyoya ya kuku. Mtu wa reli alikuwa anafagia. Akaniambia treni imeondoka. Nikamwambia haiwezekani, saa nane bado. Alikunja mkono wa shati akanionyesha saa yake, na kabla sijaielewa, kule mbali upande wa mgodi sirena ikalia. Ya saa nane.

"Sirena yenu siku hizi inachelewa, tata. Ni nani anaipatia saa?"

Nilikiweka cheti mfukoni, nikageuka.

Rafiki yangu alikuwa na radio. Kila asubuhi alitoa saa kwenye radio, akaipa masini, na masini ikaipa sirena. Mi radio sikuwa nayo. Nilitoa saa kwa sirena, na sirena ilitoa kwangu. Kila umeme ulipokatika jua lilinipunja dakika chache, na hakukuwa na mtu wa kuzirudisha. Tulikuwa vipofu wawili mimi na yule mzee, tumeshikana mikono, kila mmoja anamshukuru mwenzake kwa kumwonyesha njia.

Cheti nilikituma kwa mama mmoja mchuuzi aliyekuwa anakwenda kule Kasai. Jibu halikuja. Miaka mingi, watu wakiniuliza kama niliagana naye, nimewajibu kwamba treni iliondoka kabla ya saa yake. Haikuondoka kabla ya saa yake.