Nilivyomshonea mama mkwe nguo ya nyuki, na wachoma mizinga wa Kilembwe wakaanza kuzima moto

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani, na sisi wa ng'ambo hii ya Ziwa Tanganyika pia tupo.

Ninachoandika kimenipata mimi mwenyewe. Mke wangu Riziki amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni fundi wa kushona hapa Baraka, Fizi, upande wa Congo. Kiswahili chetu kina mambo yake, mtanivumilia. Kazi yangu ni yunifomu za shule, suti za arusi na magauni ya vikwembe, yaani vitenge, ya bamama. Mambo ya wadudu sikuyasomea. Na nyuki nawaogopa kuliko nyoka, niseme ukweli.

Sasa basi.

Mama mkwe wangu anaishi Kilembwe, huko ndani, mbali na ziwa. Ni mkulima. Watu wanamwita Mama Riziki kwa jina la mke wangu, ambaye ndiye mtoto wake wa kwanza. Mume wake alifariki zamani, akamwachia shamba na mizinga mitatu ya magogo iliyotundikwa kwenye miti.

Siku moja alishuka Baraka kutusalimia. Baada ya kula akamwambia mke wangu, nami nasikia:

"Riziki, ambia bwana yako anishonee nguo ya kuingia nayo kwa nyuki. Ifunike mwili yote, hata shingo."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Akaeleza. Huko kwao watu wanaotafuta asali wanatumia moto. Wanawasha majani makavu, wanachoma mzinga au shimo la mti, nyuki wanakufa, wao wanachukua asali na kuondoka. Mwaka unaofuata mti ule hauna kitu. Wanahamia mti mwingine. Zamani walipata asali nyuma ya nyumba. Sasa wanatembea siku nzima.

Na shamba lake limeanza kulia. Maboga yanatoa maua mengi, vitoto vya maboga vinatokea, halafu vinaoza vikiwa na ukubwa wa yai. Wakuu, mimi sikujua kwamba boga lina ua dume na ua jike, na lazima mdudu apeleke vumbi kutoka huku kwenda kule. Mama mkwe hakwenda shule sana, lakini hilo alilijua kwa macho yake mwenyewe, kwa kukaa shambani asubuhi na kuhesabu nyuki wanaokuja. Alisema kuna asubuhi hakuona hata mmoja.

Mizinga yake mitatu hakutaka ichomwe. Lakini kuikaribia bila moto mkubwa alishindwa. Nyuki wetu huku hawana utani.

Akasema neno ambalo mpaka leo linanikaa kichwani:

"Bantu banachoma juu ya woga. Mutu mwenye haogope, hana haja ya kuchoma."

Nikakubali kushona.

Hapa kuna jambo dogo. Kwetu Wabembe, mama mkwe ni mtu wa heshima na umbali. Humkaribii, humpi mkono ovyo, sembuse kumzungushia tepu kiunoni! Kwa hiyo Riziki aliingia naye chumbani, mimi nikabaki upande wa pili wa pazia na karatasi. Riziki anapima, anapiga kelele: "Bega! Mukono! Kiuno!" Mama mkwe ndani anacheka mpaka anakohoa. Majirani walifikiri tunagombana.

Nilishona kwa moyo wote. Nilikuwa na kitambaa kizito cha bluu iliyoiva, kile cha ovaroli za mafundi wa magari. Nikatengeneza mikono mipana ya kupendeza, nikaweka kola, nikakata chandarua cheupe cha kufunika uso. Alipoivaa uani kwetu, bamama wa jirani walipiga vigelegele. Nikajiona fundi wa mafundi.

Akapanda zake Kilembwe.

Kama wiki mbili hivi zikapita, simu ikaita. Riziki akaweka sauti kubwa. Mama mkwe alikuwa anaongea kama mtu mwenye kitu mdomoni, kumbe midomo imevimba. Jicho moja limefunga kabisa.

"Ambia mukwe wangu nguo yake iko muzuri sana," akasema. "Hata nyuki baliipenda. Baliingia bote."

Riziki alicheka kwanza, halafu akalia.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, anaitwa Asukulu, naye ni mtafuta asali wa siku nyingi. Alipomwona mama mkwe anakimbia, alikuja na moto, akauchoma ule mzinga mpaka chini. Kwa nia ya kumwokoa, sikatai. Halafu akasimama mbele ya watu akasema: "Nilibaambia. Kwa nyuki, nguo ni moto tu."

Kwa hiyo mizinga mitatu ikabaki miwili. Na sababu ni mshono wangu.

Wakuu, fundi akiharibu gauni la arusi anarudisha kitambaa, anaomba msamaha, yanaisha. Hapa mtu angeweza kufa. Tena si mtu tu, ni mama aliyenipa mke! Siku mbili sikuweza kukalia mashine.

Siku ya tatu nikapanda moto, namaanisha pikipiki, huku ndivyo tunavyoiita. Barabara ya Kilembwe wanaoijua wanaijua. Nilifika nimekuwa rangi ya udongo.

Mama mkwe alinipokea akiwa amekaa mlangoni. Nikasimama mbali kidogo, nikainama, nikasema: "Mama, nimekuya kuomba masamaha."

Akajibu: "Masamaha iko. Lakini mimi nataka nguo."

Halafu akaniletea ile ya bluu, akaiweka chini kati yetu ili kila mmoja abaki upande wake, akaanza kunifundisha kazi yangu mwenyewe, akionyesha kwa fimbo.

Hapa kwenye mikono mipana, waliingia. Hapa kwenye mguu, waliingia. Chandarua kililala juu ya pua, kwa hiyo wakamchoma wakiwa nje bila hata kuingia. Na rangi ile ya giza ndiyo iliwatia hasira, maana nyuki wanachukia kitu cheusi, wanaona kama mnyama anakuja kuwaibia.

Hata kuona hakuona vizuri. Chandarua cheupe kwenye jua kinang'aa machoni.

Nilikubali yote. Nguo ile niliishona kwa ajili ya macho ya majirani, sikuishona kwa ajili ya nyuki.

Siku nzima iliyofuata nilikaa mbali na mzinga nikiwatazama tu wanavyotoka na kurudi, miguu imejaa unga wa njano. Sikuwahi kuwatazama hivyo. Hakuna aliyekuwa amekaa bure.

Mama mmoja wa kanisa aliniazima mashine yake ya mkono. Kitambaa cheupe sikuwa nacho. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na shuka mbili nyeupe zilizokunjwa, mpya kabisa. Nilizitambua. Ni mimi nilizileta siku ya kutoa mahari ya Riziki! Miaka yote hakuzitandika.

Nikamwambia: "Mama, hizi hapana."

Akasema: "Nilikuwa nazitunzia kazi ya maana. Kata."

Nikakata.

Safari hii nguo ilikuwa na tabaka mbili. Mikononi na miguuni lastiki ya kubana. Mbele zipu, na juu ya zipu ulimi wa kitambaa. Nikachukua kofia ya majani yenye ukingo mpana, chandarua kikaning'inia mbali na uso, na sehemu ya macho nikaweka kipande cha neti nyeusi nilichonunua sokoni kwa mwanamke anayeuza masalio ya nguo, maana nyeusi haing'ai machoni. Haikuwa nzuri kuitazama. Ilifanana na gunia lenye kofia.

Swali likawa nani aivae. Jicho la mama mkwe lilikuwa bado halijafunguka sawasawa. Asukulu na wenzake watatu walishakuja kutazama, wamekaa wanatafuna karanga, na moto wao uko tayari pembeni.

Nikasikia mdomo wangu unasema: "Nitavaa mimi."

Ilikuwa alasiri, jua limelegea. Mzinga ulikuwa kwenye tawi la chini, unafika kifuani. Mkono mmoja nilishika kopo lenye moshi kidogo wa majani. Mkononi nilivaa soksi mbili mbili, maana glovu hatukuwa nazo.

Mama mkwe alisimama nyuma akiniongoza:

"Pole pole, mukwe! Usisimame mbele ya mulango yabo! Kaa pembeni!"

Nikapuliza moshi. Nikafungua kifuniko cha nyuma. Wakaja.

Wakuu, sauti ile inaingia mpaka kwenye meno. Walitua kwenye neti mbele ya macho yangu, nikaona matumbo yao yanapumua. Nilisubiri kuchomwa shingoni. Hakuna. Kiunoni, hakuna. Nikavuta pumzi. Kwa mara ya kwanza nilijua mshono wangu kwa ndani, kila mahali uzi ulipopita nilipajua.

"Ile ya batoto acha!" mama mkwe akapaza sauti. "Kata ile yenye kufunikwa na nta tu!"

Nikakata masega ya pembeni yaliyozibwa, nikaacha ya katikati yenye watoto na chakula chao. Mmoja alinichoma kidole gumba kupitia soksi. Nilipiga kelele, nakiri, lakini sikukimbia. Nikafunga kifuniko, nikaondoka pole pole na beseni la asali isiyo na jivu hata chembe.

Asukulu alichovya kidole kwenye beseni. Alionja, akaonja tena.

Asubuhi nyuki walikuwa kazini kwao kama kawaida. Na asubuhi hiyo hiyo Asukulu alikuja akakaa karibu na mashine. Akaishika ile nguo, akavuta mshono kwa nguvu kuupima.

"Fundi," akasema, "mimi niko na tumbo. Kitambaa itatosha?"

Huyo ndiye mteja wangu wa pili.

Mpaka leo nimeshona tisa. Mbili zilikwenda kwa bamama wakimbizi wa Burundi walioko kambi ya Lusenda, wanafuga pamoja na wenyeji. Asukulu ana mizinga yake sasa, na ukimkuta mtu anawasha majani chini ya mti wenye nyuki, jiandae kumsikia Asukulu akimzuia.

Sitadanganya kwamba yote yamekwisha. Wako wanaochoma bado. Wako wanaopuliza dawa shambani mchana, maua yakiwa wazi na nyuki wakiwa juu yake. Lakini msimu uliopita mama mkwe alituletea maboga Baraka, makubwa, Riziki alishindwa kubeba mawili kwa pamoja.

Mwezi uliopita nilipanda tena Kilembwe. Jioni nikawaona watu watano wanateremka kwenda kwenye miti, wote kwenye nguo nyeupe, hawana haraka. Mbele yao mama mkwe. Nilisimama nikawatazama mpaka wakaingia kwenye majani. Suti za arusi nimeshona nyingi na watu wamenisifu. Siku ile hakuna aliyenisifu, na machozi yalinitoka.

Nilichojifunza: watu wengi hawaharibu kwa ubaya, wanaharibu kwa woga. Kumkemea mwoga hakusaidii. Mpe nguo. Na wewe mwenye ufundi wowote, useremala, uchomeleaji, hata kusuka vikapu, usiseme mambo ya nyuki si yako. Chakula chako kimepitia miguuni kwao.

Sasa naomba msaada wenu. Glovu bado zinanishinda: ngozi ni nzito, mtu hashiki vizuri, na kitambaa kinapitisha mwiba. Wafugaji wa Tabora, Kigoma, Katavi, nyinyi mnavaa nini mikononi? Na huko kwenu nyuki wanaongezeka au wanapungua? Waoga wa nyuki pia karibuni, msione haya. Mimi bado ni mmoja wenu, ila siku hizi nikimkuta mmoja juu ya ua, namzunguka, namwacha afanye kazi.