Cherehani Iliyopelekwa Bwawani

Harufu ya naftalini hunirudisha La Rochelle, mtaa wa Johannesburg, kwenye chumba chetu cha kupanga, asubuhi ile ya joto Mama alipolitoa kabatini blanketi zito la baridi. Na tulikuwa tunakwenda matembezi ya siku moja tu.

Kosa lilikuwa la kalenda. Baba aliuza spea za magari ya Kijapani, na ukutani dukani kwao ilining'inia kalenda yenye picha ya ziwa la Hakone, mlima Fuji ukichungulia nyuma. Bosi wake alimweleza kwamba watu wa Tokyo huenda kule asubuhi, wakashangaa, wakarudi jioni. Baba akaazima gari, akatangaza kwamba Jumamosi tungekwenda bwawa la Hartbeespoort, nje ya Johannesburg.

"Kule kuko msiba?" Mama aliuliza.

"Hapana."

"Arusi?"

"Tunaenda kuangalia maji, Mama Neema. Mangaribi tunarudi."

"Baba Neema, uko unanificha nini?"

Sisi watu wa Uvira, kule Kongo, tulisafiri kwa msiba, arusi au maombi. Kutazama maji hakukuwa sababu. Mama akaamini kwamba tunahamishwa kimyakimya. Dalili ya mvua ni mawingu, alisema, na gari la kuazima ni wingu tosha. Akaing'oa cherehani yake kwenye meza, ile iliyotulisha, akaiviringisha ndani ya blanketi na kuipakia pamoja na sufuria kubwa. Baba aliguna tu.

Kila robot, yaani taa ya barabarani, ilipotusimamisha, Mama aligeuka kutazama tulikotoka. Nami, mtoto wa darasa la tatu, nikaanza kumshuku Baba. Hata mluzi wake niliuona wa mtu mwenye siri.

Bwawa lilikuwa zuri, jamani. Milima imelikumbatia, maji yanameta, watu wanachoma nyama. Mama hakushuka garini. Alipopita mwuza mahindi, alimwuliza kama hapo karibu kuna vyumba vya kupanga. Yule mtu akacheka, na Mama akazidi kuwa na wasiwasi.

Jioni tulirudi. Vikombe vya chai ya asubuhi vilikuwa bado kwenye karai. Mama alivitazama, akakaa kitandani, akalia kwa sauti.

"Eish, sasa tumerudi, unalia juu ya nini?" Baba aliuliza.

Mimi nilidhani amelipenda bwawa, nikamhurumia.

Nilikuwa mtu mzima mama mdogo, mdogo wake Mama, aliponisimulia. Walipokuwa wasichana wadogo kule Uvira, baba yao aliwaambia wanavuka mpaka kwenda Burundi kutembea ufukweni, jioni watarudi. Mama akawafunika vifaranga wake kwa tenga, wasipotee. Kumbe vita vilikuwa vimekaribia, na nyumba ile hawakuiona tena. Kwa miaka mingi Mama aliamka akiuliza nani aliwafungulia vifaranga.

Ndipo nilipokielewa kilio kile. Mtu mwingine alikuwa amemwambia jioni tunarudi, na mara hii ilikuwa kweli.